Uliyemwandika ndo huyohuyo anayekusoma

Watu wakisikia mwandishi wa habari za nje wanapata picha ya mzungu mmoja kavaa koti la mifuko mingi, nyuma yake moshi, anaongea na kamera, jioni anapanda ndege anaenda zake. Mi nimefanya hiyo kazi miaka mingi, Arusha, Nairobi, Goma, Bujumbura, na hilo koti sijawahi kulimiliki. Nilikuwa na khanga kwenye begi, redio ndogo ya betri, laini za simu za kila nchi na daftari la mistari. Mshahara wangu na wa mwenye koti tuuache tu, hiyo mada ya siku nyingine. Ila kulikuwa na tofauti moja ilinichukua muda kuiona: yeye anaandika kwa ajili ya watu wa mbali huko, anayeandikwa na anayesoma hawatakutana mpaka wanakufa. Mi naandika kwa Kiswahili. Ukituma stori ya Goma kwa Kiswahili, jioni ileile yule dereva wa pikipiki aliyekupa habari anaisikia redioni, na asubuhi yuko kijiweni anakusubiri. Ukimtaja jina atakuuliza kwa nini. Usipomtaja atakuuliza vilevile.

Baadae nikaja kuwa mhariri wa gazeti Dar es Salaam, na katika yote niliyodhani nayajua kutoka huko nje, hilo ndo lilinifaa kuliko mengine yote. Kujua barabara za Kivu huko Kongo hakukunisaidia chochote kwenye kikao cha asubuhi na watu wa matangazo.

Nilianzia Arusha, tena kwa bahati. Mi mtoto wa Kigoma, nyumbani tunaongea Kiha, na Muha akikaa na Mrundi wanaelewana bila mkalimani, Kinyarwanda nacho unakipata ukitulia. Umoja wa Mataifa ulipounda ile mahakama ya Rwanda, Novemba 1994, ikaamuliwa ikae Arusha kwenye majengo ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, na kwa sisi waandishi chipukizi wa Kitanzania hiyo ilikuwa habari ya kimataifa isiyohitaji pasipoti. Unapanda daladala, unakaguliwa getini, unavaa hedifoni, unakaa nyuma ya kioo unasikiliza kesi ya mauaji ya kimbari. Septemba 2, 1998 nilikuwepo Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba kule Rwanda, anatiwa hatiani, mara ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo, na wenzetu wa mashirika makubwa wakakimbilia simu.

Lakini kitu nilichokuwa nakiangalia kila siku pale ni pazia. Lilikuwa la kuwaficha mashahidi. Wengi wao hawaitwi jina, wanaitwa kwa herufi mbili tatu, na sisi wa nyuma ya kioo tunasikia sauti tu. Waandishi tulikuwa tunalalamika sana, stori haina jina haina sura unaiuzaje? Kuna dada mmoja Mnyarwanda tuliyekuwa tunakunywa nae chai kantini, sio shahidi, mtu wa shughuli zake tu, siku moja akanisikiliza nalalamika mpaka nikamaliza, akaniambia, "Mdogo wangu, huyu akitoka hapa anarudi kukaa na majirani zake walewale. Na majirani wana redio." Sikuwa na jibu, nikamalizia chai yangu.

Afu ikaja kesi ya wanahabari. Ilianza Oktoba 2000, washtakiwa watatu, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza waliokuwa kwenye uanzishaji wa redio RTLM, ile iliyochochea mauaji, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Mhariri! Mtu wa kazi yetu amekaa kizimbani kwa sababu ya alichochapisha. Nilitegemea kusikia hotuba kubwakubwa za chuki na zilikuwepo za kutosha, lakini kilichonikaa kichwani ni vitu vidogo: jina la mtu, mtaa anaokaa, namba ya gari lake, vinasomwa redioni kwa sauti ya kawaida kama tangazo la kifo la mchana. Desemba 3, 2003 wakahukumiwa, Nahimana na Ngeze maisha, Barayagwiza 35, na rufaa Novemba 2007 ikapunguza, wakabaki na miaka 30, 35 na 32 kwa mpangilio huo wa Nahimana, Ngeze, Barayagwiza. Wanasheria wanabishana mpaka leo uhuru wa kusema unaishia wapi na uchochezi unaanzia wapi, na wana haki ya kubishana. Mi niliondoka na kitu cha kifundi zaidi. Jina na mtaa vikikaa kwenye sentensi moja, simama kwanza.

Uchaguzi wa Kenya wa Desemba 27, 2007 ulinikuta Nairobi. Tarehe 30 jioni Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akamtangaza Rais Kibaki mshindi, akaapishwa Ikulu muda si mrefu giza linaingia, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Kuanzia hapo nchi ikawa inasikiliza SMS. Simu inaita usiku, ujumbe hauna mtumaji unayemjua, unasema watu fulani wanakuja mtaa fulani saa fulani. Magazeti ya kule yalikuwa na desturi ya kutotaja kabila, utasoma watu wa jamii fulani wamewashambulia watu wa jamii nyingine, na msomaji anajaza mwenyewe kichwani, tena anajaza kwa kadiri ya hofu yake. Mi natuma kwa Kiswahili, najua Eldoret wananisikia, Kisumu wananisikia, Naivasha wananisikia, wote kwa wakati mmoja na kila mmoja anasubiri kusikia wenzake wamefanya nini ili aamue na yeye afanye nini. Hapo ndo nilianza kuandika sentensi moja afu naisoma mara ya pili kama mtu wa Eldoret, mara ya tatu kama mtu wa Kisumu, kabla sijaituma. Inachosha jamani, na bosi wa deski anapiga kelele uko wapi.

Januari 3, 2008 magazeti makubwa ya Nairobi yakatoka na kichwa kimoja, cha kusihi nchi iokolewe. Wapo waliowapongeza, wapo waliosema wahariri wameacha kazi yao ya kuuliza kura zilihesabiwaje. Mi niko zaidi na hawa wa pili, ingawa nikikumbuka Kiambaa, kanisa limechomwa Januari 1 na watu wako ndani, wanawake na watoto, naelewa mhariri wa Nairobi alikuwa na nini kifuani usiku ule. Lakini kuficha kabila ni jambo moja na kuficha swali la kura ni jambo lingine. Lile la kwanza linamlinda mtu wa mtaani, la pili linawalinda wakubwa. Tume ya Waki, iliyochunguza zile vurugu, baadae ilihesabu waliokufa 1,133.

(Februari 28 Kibaki na Raila wakasaini makubaliano, Kofi Annan yupo na Rais Kikwete yupo maana alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, na mimi Mtanzania ghafla nikawa mtu wa maana pale press centre, wenzangu wa Kenya ambao walikuwa wananicheka Kiswahili changu "cha taarabu" sasa wananiletea chai waniulize Kikwete anafikiria nini. Kana kwamba ananiambia.)

Goma sasa, mashariki mwa Kongo. Mji wa mawe meusi, lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 imepita katikati ya mji na watu wakajenga juu yake, ukuta wa nyumba ni lava, barabara ni lava, vumbi jeusi mpaka kwenye mandazi. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinashuka na magunia ya viazi, anayeiendesha kapiga goti moja juu ya ubao na hana breki za maana. Novemba 20, 2012 waasi wa M23 waliingia mjini. Siku kama ile habari haipungui, habari inazidi, kila unayekutana nae anayo na kila moja ni nzito kuliko ya mwenzie. Nilimkuta mama mmoja anauza makala, yaani mkaa, hajafunga biashara, akaniambia wameua watu kule Majengo.

"Umewaona mama?"

"Hapana, ni mutoto ya jirani alisema."

"Yeye aliwaona?"

"Anasema balimwambia."

Nikaenda kumtafuta huyo mtoto, nae akanipeleka kwa mwingine, na mwingine akasema alisikia milio akiwa Birere, sio Majengo, na milio ni kweli ilikuwepo, hata mi niliisikia. Mpaka jioni nilichokuwa nacho mkononi ni milio. Wenzangu wa mashirika wengine walikuwa wameshatuma "kuna taarifa za mauaji", kwao ni sentensi salama, inaruka bahari inaenda kukaa kwenye ukurasa wa ndani wa gazeti la mtu ambaye hajui Majengo ni jina la mtaa. Mi nikituma vile, watu wa Majengo wenyewe watanisikia saa mbili usiku wako kwao wamekula ugali wao, na kesho yake hakuna atakayeniamini hata nikisema mvua inanyesha. Ama mbaya zaidi wataniamini, wabebe watoto waende mpakani usiku huo kwa ajili ya maneno yangu. Nikatuma milio, nikasema imesikika wapi na nani kaisikia akiwa wapi, basi.

Hilo swali la umeona au umeambiwa, na kama umeambiwa aliyekwambia alikuwa amesimama wapi, nililibeba likawa kama ugonjwa. Nyumbani wananicheka, mtu akisema umeme umerudi mtaa wa pili nauliza umeona?

Mwaka 2014 nikaitwa Dar kuwa mhariri. Nisiwadanganye, sababu kubwa ilikuwa mama yangu mzazi alikuwa mgonjwa na mi nimechoka kulala na viatu. Nilidhani naenda kukaa kwenye kiti kizuri nisahihishe sentensi za vijana. Kumbe mhariri asubuhi anaongea kuhusu bei ya karatasi, mchana matangazo, alasiri mwanasheria, saa kumi na mbili ndo anakutana na habari yenyewe na hapo imebaki saa chache mtambo uanze. Kampuni inataka kununua ukurasa wa mbele wote, inalipa vizuri, na siku hiyohiyo una stori kubwa, unaipeleka wapi? Marejesho yanarudi kwa mafurushi, magazeti ambayo hayajauzwa yamefungwa kwa kamba, na meneja mauzo anayapita kwa makusudi mbele ya mlango wako.

Nikawa na tabia ya kushuka kwenye meza za magazeti, Posta au Kariakoo, nasimama tu kama mpita njia. Mnajua wenyewe, watu kumi wameinama wanasoma vichwa na hakuna anayenunua, muuzaji anavumilia mpaka anachoka. Kinachosomwa ni nusu ya juu, maana gazeti limekunjwa. Anayesoma anasoma kwa sauti kumsomea aliye nyuma, na aliye nyuma anaanza kutoa hukumu hajaona hata aya moja. Muuzaji mmoja ambaye hakujua mi ni nani nikamuuliza mbona hili la Kongo halinunuliwi, akaniangalia akasema, "Dada, Kongo haiuzi. Simba na Yanga inauza." Alikuwa sahihi kabisa kibiashara, na ndo vita niliyokuwa napigana kila jioni na meneja mauzo.

Na kumbukeni gazeti halisomwi kwenye gazeti. Saa kumi na mbili asubuhi redio na televisheni zinasoma vichwa vya magazeti nchi nzima, mtu yuko kwenye boda, mtu yuko saluni, mtu yuko kambi ya wakimbizi Kasulu, anasikia kichwa chako tu, mwili wa habari hataupata kamwe. Kwa hiyo kichwa lazima kisimame peke yake kikiwa kweli. Hilo hakuna aliyenifundisha darasani.

Mei 13, 2015 ndo nililielewa vizuri. Rais Nkurunziza wa Burundi yuko Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika Mashariki kujadili hukohuko kwake, mchana Jenerali Godefroid Niyombare anatangaza redioni Bujumbura kwamba amemwondoa. Watu wanashangilia mitaani, picha zinaingia, kila mtu chumba cha habari amesimama. Toleo la mikoani linatakiwa kuondoka mapema, magari ya Mwanza na Kigoma hayamsubiri mtu. Kichwa kilichowekwa kwenye skrini kilikuwa neno mbili, NKURUNZIZA APINDULIWA, herufi kubwa mpaka ukingoni. Kizuri, kifupi, kinauza.

Nikampigia korespondenti wetu kule. Namwita tu kijana wa Bujumbura. Tunaongea Kiha changu na Kirundi chake, maana Kifaransa cha simu kinasikilizwa na wengi. Namuuliza umeona nini. Kaona watu wanashangilia. Redio ya taifa RTNB iko mikononi mwa nani? Hajui, wanajeshi wako nje, hajui ni wa upande gani. Uwanja wa ndege? Wanasema umefungwa. Nani wanasema? Kimya. Hakuwa mvivu yule kijana, alikuwa amejifungia chooni kwake anaongea kwa kunong'ona.

Nikasema kichwa kiwe JENERALI ATANGAZA KUMPINDUA NKURUNZIZA. Ugomvi wake mpaka leo nausikia. Kirefu, kinaharibu picha, magazeti mengine yote yatasema apinduliwa, tutaonekana waoga. Msanifu kurasa akasema herufi zitapungua ukubwa, nikamwambia zipungue. Mi nilikuwa nafikiria Kagunga. Wakati ule makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wameshavuka, wamekwama Kagunga, kijiji cha wavuvi ukingoni mwa Tanganyika, nyuma mlima mbele maji, hakuna barabara, meli ya MV Liemba inawahamisha mia kwa mia kwenda Kigoma mjini. Kipindupindu kikaingia, mwezi ule waliokufa walizidi 30. Wale watu wana redio. Wakisikia asubuhi "Nkurunziza apinduliwa" kutoka redio ya Tanzania, nchi aliyokuwepo Nkurunziza mwenyewe, wapo watakaotafuta mtumbwi warudi. Wangekuwa wanarudi kwenye nini?

Usiku ule na siku iliyofuata redio binafsi za Bujumbura zikashambuliwa na kuchomwa, RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance. Mapinduzi yakafeli. Sikuwa na akili za kujua yatafeli, ningekuwa nazo ningecheza bahati nasibu. Nilikuwa najua tu nilichonacho ni jenerali ametangaza.

Kijana wa Bujumbura jina lake halikuwahi kutoka kwenye gazeti letu, stori zake tuliandika Mwandishi Wetu. Malipo yake sasa, hapo ndo palikuwa na kesi. Idara ya fedha ilitaka fomu, sahihi, namba ya mlipakodi na stakabadhi, kwa mtu aliyejificha. Miezi ikapita. Mwisho nikawa natuma M-Pesa kwa binamu yangu Kigoma, yeye anampa mfanyabiashara wa dagaa anayevuka, dagaa na hela vinafika pamoja vinanuka samaki. Gazeti lilinirudishia baadae, sio yote. Ukiwa mhariri uliyewahi kulala nje ukisubiri malipo ya stori tatu, huwezi kumwambia mtu "fuatilia uhasibu" ukamfungia simu. Wapo wahariri wanaweza, nawajua, wanalala usingizi mzuri tu.

Desemba 2017 muuzaji wangu wa Kariakoo alikosea kwa mara ya kwanza, Kongo ikauza. Alhamisi tarehe 7 jioni kambi ya walinda amani Semuliki, Beni, ilishambuliwa, lawama zikaelekezwa kwa waasi wa ADF, na Ijumaa asubuhi taarifa zikaanza kuingia kwamba waliokufa wengi ni wanajeshi wetu. Idadi ikawa inapanda inashuka siku nzima, baadae ikatulia kwenye 14, na hesabu ya mwisho ikasema 15, majeruhi zaidi ya 40. Jumamosi yake ni Desemba 9, Siku ya Uhuru, ukurasa wa mbele ulishapangwa bendera na gwaride. Tukaubomoa.

Mchana kijana wangu mmoja mzuri sana, mwenye miguu, akaja mezani na simu. Orodha ya majina imezunguka WhatsApp. Majina, vyeo, mengine na mikoa.

"Dada, tunayo. Tuko wa kwanza."

"Jeshi limeyatoa?"

"Bado. Lakini mitandaoni yako kila kona dada, hata tusipotoa watu wameshaona."

Nikamwambia mitandaoni mama wa askari anaweza asiamini, ataambiwa ni uzushi, atashika hiyo. Akiliona kwetu ataamini. Na sisi hatujui kama ni kweli. Akabisha, na alibisha kwa hoja, akasema sasa faida ya gazeti nini kama tunasubiri tangazo la jeshi, si tutakuwa ubao wa matangazo wa serikali? Swali zuri hilo na sikuwa nalijibu kwa wepesi, maana mwaka uleule magazeti kadhaa yalifungiwa na sote tulikuwa tunatembea na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 kwenye droo. Kuna kusubiri kwa sababu ya woga na kuna kusubiri kwa sababu ya mama wa mtu, na ukiwa ndani ya chumba cha habari zinafanana, hata wewe mwenyewe unayeamua unaweza usijue umefanya ipi. Namna niliyoona ya kujipima ni kuangalia tunaandika nini kwenye nafasi ya yale majina. Kwa hiyo nikamwambia tusiweke jina hata moja, lakini tuulize kwa nini kambi ilizidiwa kwa saa zote zile, msaada ulitoka wapi, ulichelewa wapi, askari wetu wako kule kwa makubaliano gani tangu 2013 kile kikosi cha kujibu mashambulizi kilipoundwa na sisi, Afrika Kusini na Malawi. Yule kijana alikaa mpaka usiku anapiga simu. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi akamwelezea jinsi kambi ndogo ya namna ile inavyolindwa usiku, nani anakaa wapi, redio inatumikaje, na ile ndo ikawa stori yetu ya pili Jumapili, bora kuliko ya Jumamosi.

Jumamosi asubuhi nilipita Kariakoo. Meza imejaa, lakini kelele za siku zote hazipo. Jamaa mmoja kavaa kaunda suti alinunua gazeti letu, akalifungua palepale amesimama, anatembeza kidole kwenye aya moja moja mpaka mwisho, akarudia. Alikuwa anatafuta jina. Akalikunja akaondoka. Sikumfuata na wala sijui alikuwa na mtu kule au la.

Sasa nisionekane nasema majina yafichwe tu, maana huko ndo makanjanja wanakopatia chakula. "Chanzo chetu cha kuaminika kilichoomba jina lihifadhiwe", hiyo sentensi imeshatumika kuandika uongo mwingi nchi hii kuliko nyingine yoyote, chanzo chenyewe mara nyingi ni mwandishi na chipsi zake. Kwa hiyo kwangu utaratibu uko hivi: gazeti linaweza lisijue, msomaji anaweza asijue, mi lazima nijue. Niambie ni nani, nipe namba, nimpigie nimsikie. Vijana wanaona kero. Wengine wanasema ni kutoaminiana.

Kuna mmoja aliniletea stori ya waziri, kubwa kweli, nyaraka hana, ana chanzo. Nikasema nipe namba. Akasema chanzo hataki kuongea na mtu mwingine. Nikasema basi twende wote tukakutane nae, hata usiku, hata kwenye gari, mi nimeshakutana na vyanzo kwenye mashamba ya migomba. Hataki. Alikuwa wapi yalipotokea hayo anayosema? Akasema bosi, mambo mengine unaamini tu. Nikaitoa, nafasi yake nikajaza habari ya korosho. Kesho yake stori ileile ikatoka kwa wenzetu, ukurasa wa mbele, na kichwa kirefu kuliko cha kwangu cha Burundi. Wakauza mpaka saa nne asubuhi mezani hakuna nakala. Yule kijana akahamia kwao mwezi uliofuata kwa mshahara mzuri zaidi. Stori yenyewe haikuwahi kukanushwa wala kuthibitishwa, na meneja mauzo tukikutana kwenye misiba bado ananiuliza, dada, korosho inaendeleaje?